Damu Isiyochorwa: Usingizi, Mauti na Mwili wa Sarpedon katika Mchoro wa John Flaxman

Wahakiki wa tendi za Homer wamezoea kuyachunguza maandishi na kuipita michoro iliyofungamanishwa nayo. Mchoro ukiwamo kitabuni huhesabiwa kuwa pambo: umewekwa kumpumzisha msomaji, na ukiondolewa hakuna kinachopungua katika maana. Mtazamo huu una kasoro kubwa hasa katika historia ya upokezi wa Homer barani Ulaya. Tangu mwaka 1793, wasomaji wengi walimpokea mshairi huyo akiwa pamoja na maumbo ya Mwingereza John Flaxman, na maumbo hayo yaliingia katika usomaji wao kiasi kwamba walipoyataja maneno "ya Kiyunani" na "safi" kwa pumzi moja, walikuwa wakimsema Flaxman kuliko Homer. Mchoro ni usomaji. Huchagua, huacha, hufasiri, na wakati mwingine hubisha.

Mchoro unaochunguzwa hapa unatoka katika mfululizo wa michoro ya Iliadi, na unaonyesha Usingizi na Mauti wakiuchukua mwili wa Sarpedon kuupeleka Likia. Ni kazi ndogo yenye viungo vichache. Wachukuzi wawili wenye mabawa wako angani na maiti iko mikononi mwao. Uwanja wa vita haumo. Hakuna rangi wala wingi wa kivuli. Kilichopo ni mstari mtupu wa wino ukiyazunguka maumbo na kuiacha karatasi ifanye kazi iliyobaki. Uchache huo ndio ulioipa michoro hii sifa kubwa, na ndio unaozua swali la makala haya: damu ya Sarpedon imekwenda wapi?

Ni lazima kwanza kurudi kwenye utendi wenyewe, katika kitabu cha 16. Sarpedon ni mfalme wa Walikia, mwana wa Zeus, na ni mshirika wa Watroya aliyetoka mbali kupigana vita visivyo vyake. Katika kitabu cha 12 ndiye anayemweleza mwenziwe Glaukos kwa nini wakuu hupewa viti vya mbele, nyama nono na vikombe vilivyojaa: ni kwa sababu wao husimama mbele mishale inapolia. Lau mtu angeokoka vita hivi akaishi milele bila kuzeeka, anasema, yeye asingepigana wala asingemhimiza mwingine. Lakini mauti yamemzunguka binadamu kwa maelfu, na hakuna wa kuyakwepa. Msomaji anapofika kitabu cha 16 anajua tayari kwamba mtu huyu ameshaiona sura ya kifo chake na kuikubali.

Patroklos anamuua. Kabla ya pigo, Zeus anasitasita. Anawaza kumnyakua mwanawe akiwa hai. Hera anamkataza: ukimwokoa wako, kila mungu atataka kumwokoa wake. Mwache afe, kisha roho ikishamtoka, watume Mauti na Usingizi wamfikishe Likia, ambako ndugu na jamaa watamzika kwa kaburi na nguzo, maana hiyo ndiyo heshima ya wafu. Zeus anakubali, na anadondosha ardhini matone ya mvua ya damu kwa ajili ya mwanawe.

Kinachofuata hakimo katika mchoro wa Flaxman, na ni muhimu kukitaja. Majeshi mawili yanaigombania maiti. Katika mistari ya 638 hadi 640 inaelezwa kwamba hata mtu aliyemjua vyema asingeweza tena kumtambua, kwa jinsi alivyofunikwa na silaha, damu na vumbi kuanzia kichwani hadi ncha za miguu. Wapiganaji wanamzonga kama nzi wanavyozonga ndoo za maziwa zizini wakati wa majira ya kuchipua, maziwa yanapojaa vyomboni. Tashbihi hii ni ya ajabu. Inachukua kitu cha nyumbani, cheupe na cha neema, na kukiweka juu ya maiti isiyotambulika. Hakuna mstari mtupu wa wino unaoweza kuibeba, kwa sababu nguvu yake imo katika kuona vitu viwili kwa mpigo mmoja, zizi na uwanja wa vita, na kuchukizwa na vyote viwili.

Hapo ndipo Zeus anapompa Apollo kazi ambayo msomaji wa Kiswahili ataitambua bila kufafanuliwa, maana ni kazi ya mwosha maiti. Amtoe Sarpedon chini ya mishale, amfute damu nyeusi, ampeleke mbali, amwoshe kwa maji ya mto, ampake ambrosia, amvike mavazi yasiyoharibika, kisha amkabidhi kwa wachukuzi wepesi, Usingizi na Mauti, ndugu pacha. Apollo anafanya hivyo. Wachukuzi wanamweka katika nchi pana ya Likia, na utendi unarudi kwa Patroklos bila kutazama nyuma.

Kwa hiyo Flaxman hakumsingizia Homer. Alichagua pahali pale hasa ambapo Homer mwenyewe ameuosha mwili. Maiti iliyomo mikononi mwa wachukuzi ni safi kwa sababu mungu ameisafisha mistari michache kabla. Hili ni jambo la kumpa msanii haki yake kabla ya kumhoji. Tatizo haliko katika mchoro huu ukitazamwa peke yake. Liko katika namna usafi wa tukio moja ulivyogeuzwa kuwa usafi wa utendi mzima.

Flaxman alizaliwa York mwaka 1755 na kukulia London, katika karakana ya baba yake aliyekuwa akitengeneza nakala za sanamu kwa plasta. Tangu mwaka 1775 aliajiriwa na Josiah Wedgwood, mfinyanzi tajiri aliyekiita kiwanda chake Etruria kwa heshima ya vyungu vya kale ambavyo wakati huo vilidhaniwa na wengi kuwa vya Waetruski. Kazi ya Flaxman ilikuwa kubuni maumbo ya mbinuko ya kubandikwa kwenye vyombo. Mojawapo, ya mwaka 1778, ni ile inayojulikana kama kutukuzwa kwa Homer, iliyotokana na chungu cha Kiyunani kutoka mkusanyo wa Sir William Hamilton, balozi wa Uingereza huko Naples. Mkusanyo huo ulinunuliwa na British Museum mwaka 1772, lakini umaarufu wake ulienezwa zaidi na vitabu vikubwa vya picha vilivyohaririwa na d'Hancarville kuanzia miaka ya 1760. Nukta hii isipuuzwe. Mengi ambayo kizazi cha Flaxman kilijua juu ya mstari wa Kiyunani yalipitia mkono wa mchongaji wa mabamba wa karne ya 18, ambaye alikuwa na tabia ya kunyoosha palipopinda na kulainisha palipokwaruza. Mkusanyo wa pili wa Hamilton, uliotolewa na Tischbein kuanzia mwaka 1791, ulichapwa kwa mistari mitupu. Chombo chenye uvimbe na mng'ao kikawa ukurasa bapa.

Mwaka 1787 Flaxman alikwenda Roma na mkewe Ann, na wakakaa huko hadi 1794. Huko ndiko Georgiana Hare-Naylor alikomwagiza michoro ya Iliadi na Odisei. Michoro hiyo ilichongwa kwenye mabamba ya shaba na Tommaso Piroli na kutolewa mwaka 1793: 34 ya Iliadi na 28 ya Odisei. Thomas Hope aliagiza ile ya Dante, na Countess Spencer ile ya Aeschylus. Toleo la London la mwaka 1805 liliongeza michoro kadhaa ya Homer, baadhi ikichongwa na rafiki yake William Blake, na chini ya picha pakawekwa mistari ya tafsiri ya Alexander Pope. Tafsiri ya Pope ya Iliadi ilikuwa imetoka kati ya 1715 na 1720. Lakini kisa cha Sarpedon alikuwa amekitafsiri mapema zaidi na kukichapisha mwaka 1709. Kwa wasomaji wa Kiingereza, mfalme wa Likia alikuwa mlango wa kwanza wa Pope kuingia kwa Homer.

Sasa penseli na wino. Utaratibu wa Flaxman katika michoro hii ulikuwa ule wa kawaida wa wakati wake: alitafuta umbo kwa penseli, kisha akalithibitisha kwa kalamu ya wino. Penseli ya siku hizo ilikuwa grafaiti halisi, na iliyosifiwa kuliko zote ilichimbwa Borrowdale kaskazini mwa Uingereza. Vita vya 1793 vilipokata njia ya bidhaa hiyo kufika Ufaransa, Nicolas-Jacques Conté alilazimika kubuni mchanganyiko wa grafaiti na udongo, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1795. Penseli inavumilia. Inaruhusu bega lichorwe mara tatu, kila mara likiwa mahali tofauti kidogo, na halazimishi msanii kukana alichosema mwanzo. Wino hauna subira hiyo. Ukishapita, bega ni moja. Katika karatasi ya namna hii mtazamaji huona mambo mawili kwa pamoja, utafutaji na uamuzi, kama vile mhakiki anavyouona mswada wenye maneno yaliyofutwa karibu na yale yaliyobaki.

Bamba la shaba halikubeba utafutaji huo. Piroli aliufuata wino tu, na hakuwa na namna nyingine. Kilichoenea Ulaya kutoka Roma ni uamuzi bila kusitasita kulikoutangulia. Hata wale waliomsifu au kumlaumu Flaxman kwa uhakika wa mstari wake walikuwa, kwa kiasi kikubwa, wakizungumza juu ya shaba ya Piroli.

Mjadala mkali zaidi ulitokea Ujerumani mwaka 1799. August Wilhelm Schlegel, katika jarida la Athenaeum, aliandika makala ndefu juu ya michoro ya mashairi na mistari ya Flaxman. Hoja yake ni kwamba mchoro wa mstari mtupu uko karibu na ushairi kuliko mchoro uliokamilishwa kwa rangi. Mchoraji wa rangi humaliza kila kitu na kumwachia mtazamaji kazi ya kutazama tu. Mstari hutoa ishara, na ishara humwita mtazamaji akamilishe kwa ubunifu wake, kama neno la mshairi linavyofanya. Michoro hiyo, kwa maoni yake, inakaribia kuwa maandishi ya picha ya Wamisri. Goethe, aliyeandika mwaka huohuo, hakuvutiwa kiasi hicho. Alikiri wepesi na usahili wa Flaxman, lakini akamwona kuwa sanamu inayoabudiwa na wasanii wa kujifurahisha, watu wanaopenda kuona kwa urahisi. Ukali huu wa Goethe una chembe ya wivu wa mwenye shamba aliyemkuta mgeni anavuna, ila si wa kutupwa. Urahisi wa kuonekana si sawa na ukweli wa kilichoonekana.

Hoja ya Schlegel ni nzuri, na inafaa kuchukuliwa kwa uzito na yeyote anayefundisha fasihi. Lakini inadhania kwamba nafasi iliyoachwa wazi na mstari ni huru kwa msomaji kuijaza apendavyo. Je, ni huru kweli? Karatasi nyeupe ndani ya mstari wa mwili wa Sarpedon si ukimya. Kwa jicho la mwaka 1793, lililofunzwa na Winckelmann kuitukuza marumaru, weupe huo ulikuwa tayari umejazwa: ni ngozi, ni jiwe, ni usafi, ni Uyunani. Msomaji haalikwi kuitia damu pale. Anaalikwa kuisahau.

Aidha, sura ya Mauti yenyewe ilikuwa na historia ya karibu. Mwaka 1769 Gotthold Ephraim Lessing alichapisha kijitabu juu ya namna watu wa kale walivyoisawiri Mauti. Alidai kwamba Wayunani na Warumi hawakuichora Mauti kama mifupa inayotembea, jinsi makanisa ya Ulaya yalivyozoea, bali kama kijana, pacha wa Usingizi. Ushahidi wake mkuu ulikuwa kifungu hikihiki cha Sarpedon: wachongaji, alisema, walijifunza kwa Homer. Kwa msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyezoea kusikia kwamba usingizi ni ndugu wa mauti, undugu huu si ugunduzi. Kwa msomaji wa Lessing ulikuwa ukombozi. Hofu ya fuvu na sepetu ilionekana kuwa ugonjwa wa nyakati za karibu, na tiba yake ilikuwa kurudi kwa wa kale.

Lessing alijua vilevile habari ya kasha la Kypselos, ambalo Pausanias aliliona Olympia katika karne ya 2. Juu yake palikuwa na mwanamke, Usiku, aliyepakata watoto wawili: mmoja mweupe amelala, mwingine mweusi anayefanana na aliyelala. Pacha hao, basi, hawakuwa sawa kwa kila hali, rangi iliwatenga. Hesiod naye hakuwalinganisha: Usingizi ni mpole kwa wanadamu, ila Mauti ana moyo wa chuma. Mstari mtupu hauna njia ya kumpa mmoja weupe na mwenzake weusi. Wino wa Flaxman unawazunguka wote wawili kwa uzani uleule, na hivyo undugu alioutaja Homer unageuka kuwa ufanano. Mauti ananyang'anywa chuma chake.

Pana jambo jingine katika kifungu cha Homer ambalo lingeweza kumzuia Flaxman lakini likamsaidia. Mauti hapa si mtoa roho. Roho imekwisha kutoka. Hera amesema waziwazi kwamba wachukuzi watumwe baadaye. Kazi ya Mauti katika tukio hili ni ya jeneza, si ya upanga. Hana anachomdhulumu Sarpedon. Kwa hiyo mtu aliyelelewa na picha za malaika wanaowabeba wafu kwenda juu hakuhitaji kubadilisha mengi ili kumpata huyu.

Na Flaxman alikuwa mtu wa namna hiyo. Miaka tisa kabla ya michoro ya Homer kutolewa, yaani 1784, alichonga kumbukumbu ya Sarah Morley iliyomo katika Kanisa Kuu la Gloucester. Mama huyo alifariki baharini, safarini kutoka India, baada ya kujifungua. Katika jiwe anainuka kutoka mawimbini na mtoto wake, na malaika wanampokea. Ukiwaweka malaika wa Gloucester karibu na wachukuzi wa Sarpedon, ukoo wao unajionyesha. Mabawa ni yaleyale, na upole ni uleule wa mikono inayomshika mtu asiyeweza tena kujishika. Flaxman, aliyevutiwa pia na mafundisho ya Swedenborg juu ya maisha baada ya kifo, aliusoma utendi wa kale kwa macho ya mchonga makaburi wa Kiingereza. Tofauti ni kwamba Sarah Morley anapelekwa kwenye uzima, na Sarpedon anapelekwa kaburini. Homer hana habari nyingine ya kumpa. Mchoro hauitamki tofauti hiyo.

Huenda ikajibiwa kwamba Flaxman alikuwa na tabia ya upole, na kwamba ukatili ulimshinda. Ushahidi unakataa. Katika miaka ileile ya Roma alikuwa akichonga marumaru kubwa ya ghadhabu ya Athamas, kwa agizo la Frederick Hervey, Earl wa Bristol na Askofu wa Derry, ambayo sasa iko Ickworth: baba mwenye wazimu amemshika mwanawe mdogo mguuni akimpembea ili ampasue kichwa, na mama anajaribu kumzuia. Kazi hiyo haina aibu ya ukatili hata kidogo. Hata katika Iliadi alichora mwili wa Hector ukiburutwa nyuma ya gari la Achilles. Basi hakuukimbia unyama wa vita. Aliuonyesha kama mkao na mwendo, si kama jeraha. Mguu unaburutwa, nywele zinasambaa, ngozi inabaki nzima.

Odisei inaonyesha uchaguzi huu kwa uwazi zaidi. Katika kisa cha Polyphemus alichora Odysseus akimpa jitu mvinyo. Gongo linalochomekwa jichoni hakulichora. Alichora kuuawa kwa wachumba, na Hermes akizipeleka roho zao chini kwa wafu. Kati ya matukio hayo mawili, Homer ameweka kunyongwa kwa wajakazi 12 kwa kamba ya meli, wakitupatupa miguu kwa muda mfupi, si mrefu. Wajakazi hao hawamo. Kutokuwamo kwao hakukutambuliwa sana na wapenzi wa Flaxman, na pengine hilo ndilo linalopaswa kumshughulisha mhakiki kuliko mstari wowote uliochorwa. Msomaji aliyemjua Homer kwa mabamba haya aliweza kuifunga Odisei akiamini kwamba nyumba ya Ithaka ilitakaswa bila kamba.

Michoro ikavuka mipaka. Wasanii wa Ufaransa waliichukua kama kamusi. Ingres aliifahamu vizuri, na Zeus na Thetis wake wa mwaka 1811 wana deni kwa Flaxman. Shuleni na katika nyumba za watu wenye uwezo, mstari mtupu ukawa namna ya kawaida ya kumwonyesha Homer. Kwa kuwa msanii alijulikana kuwa mwanafunzi wa vyungu, watu waliamini kwamba hivyo ndivyo Wayunani wenyewe walivyomwona Sarpedon.

Imani hiyo ilipata jibu mnamo Desemba 1971, pale wachimbaji haramu walipofukua kaburi la Kietruski karibu na Cerveteri, Italia. Kilichotoka humo ni kratera, yaani chungu kikubwa cha kuchanganyia mvinyo na maji, chenye kimo cha takribani sentimita 46, kilichofinyangwa na Euxitheos na kuchorwa na Euphronios huko Athens yapata mwaka 515 K.K. Wote wawili wametia saini. Upande mmoja kuna Sarpedon, na Usingizi na Mauti wakimwinua, majina yao yakiwa yameandikwa kando yao.

Hawa si vijana wapole wa Lessing. Ni wanaume wenye ndevu waliovaa zana za vita, na mabawa yao ni mazito. Wanainama, wanabeba uzito. Kati yao amesimama Hermes, ambaye Homer hakumtaja katika kisa hiki. Sarpedon ni mkubwa kuliko wote, mwili wake umejaa upana wa chungu, na majeraha yake yanavuja. Damu imechorwa kwa rangi nyekundu juu ya ngozi ya udongo, ikichuruzika kutoka kila tundu. Hakuna mto, hakuna ambrosia. Euphronios amemtoa Apollo katika kisa na kuwaruhusu wachukuzi waje kabla mwili haujaoshwa, wakati angali vile alivyoachwa na mkuki wa Patroklos. Au alikisikia kisa kwa namna nyingine, kwa kuwa katika Athens ya wakati huo nyimbo za Homer zilikuwa za kusikilizwa zaidi kuliko za kusomwa. Vyovyote iwavyo, mchoraji aliyekuwa karibu na mshairi kwa zaidi ya miaka 2,300 kuliko Flaxman hakuona kwamba mstari na damu haviwezi kukaa pamoja.

Tena mstari wake ni mstari kweli. Kope zimechorwa moja moja. Misuli ya tumbo imehesabiwa. Unyoya kwa unyoya mabawa yamepangwa. Wachoraji wa vyungu vya aina hii nao walikuwa na penseli yao: kabla ya kuweka rangi, walichora muundo kwa kijiti butu au makaa juu ya udongo mbichi, na mara nyingi mikwaruzo hiyo bado huonekana chini ya mng'ao pale ambapo mkono ulibadili nia. Utafutaji na uamuzi vilikaa katika uso mmoja, na tanuri likaviokoa vyote. Mchoraji wa Athens hakuwa na Piroli wa kumsafishia.

Chungu kilinunuliwa mwaka 1972 na jumba la Metropolitan la New York kwa dola milioni 1, bei ambayo haikuwa imewahi kusikika kwa kitu cha namna hiyo. Baada ya miaka mingi ya mashtaka na uchunguzi, jumba hilo lilikubali mwaka 2006 kukirejesha, na kikafika Italia Januari 2008. Sasa kimo katika jumba la makumbusho la Cerveteri, karibu na kaburi lilikotoka. Kutoka hapo hadi Roma ni kilomita zipatazo 40. Miaka yote saba ambayo Flaxman alikaa Roma akimtafuta Sarpedon kwa penseli na kumthibitisha kwa wino, Sarpedon mwingine, mwenye majeraha wazi, alikuwa gizani ndani ya mwamba, mwendo wa siku moja au mbili kwa miguu.